Nafasi ya ligi ikiuzwa, historia hubaki na nani?

Ratiba ya ligi za chini ikitoka, si ajabu kukuta jina geni mahali palipokuwa na jina lililozoeleka. Timu ya zamani haikushuka ngazi, wala hii mpya haikupanda. Nafasi imeuzwa: mwenye timu ameishiwa, mwenye pesa amekuja, karatasi zimetiwa sahihi, na vijana waliokuwa wakifanya mazoezi katika viwanja vya Bomu au Serani wanaambiwa kuwa timu sasa ni ya fulani. Mombasa inalijua jambo hili. Na likishatokea, bei husahaulika upesi. Kinachobishaniwa miaka nenda miaka rudi ni kombe lililo kabatini, picha zilizo ukutani na ule mwaka ulioandikwa chini ya nembo. Ni vya nani sasa?

Mnunuzi ana hoja, na hoja yake ina uzito. Ngazi za soka ya Kenya zimekuwa saba: Ligi Kuu, Ligi ya Supa, Daraja la Kwanza, Daraja la Pili, ligi ya eneo, ligi ya kaunti, na chini kabisa ligi ya kaunti ndogo. Timu inayosajiliwa leo huanzia chini. Ikipanda kila msimu bila kuteleza hata mara moja, itaingia Daraja la Kwanza baada ya misimu minne. Kwa hiyo anayenunua nafasi ya Daraja la Kwanza ananunua miaka minne ya jasho la wengine, na ndiyo maana nafasi ina bei hata pale timu yenyewe haina mpira wa mazoezi.

Muuzaji naye aghalabu hauzi kwa raha. Ligi ya Supa yenye timu 20 ni mechi 38, na 19 kati ya hizo ni za ugenini. Timu ya Mombasa ikienda Nairobi imesafiri karibu kilomita 480, na ikienda Kisumu au Kakamega imepita kilomita 800. Hapo kuna basi, chakula na malazi ya kikosi kizima na benchi lake la ufundi. Wakirudi nyumbani, gari la wagonjwa liwe uwanjani kabla ya kipenga cha kwanza. Klabu isiyo na mdhamini huanza kwa kuchelewa kufika, kisha hukosa mechi moja, wapinzani wanapewa pointi za mezani, na ikizoea kukosa hufutwa. Mnunuzi akija wakati huo anaweza kusema kwa haki kabisa: nisingeinunua, ingekufa. Amerithi pointi, kadi za wachezaji, pengine na madeni. Kwa nini historia peke yake ndiyo abaniwe?

Mtaa una jibu lake. Klabu ya daraja la chini haijengwi na mfuko mmoja. Kuna aliyechangisha jezi, kuna mama aliyepika wali wa timu, kuna mzee aliyehifadhi nyavu chini ya kitanda chake msimu mzima zisiibwe. Hawa hawakulipwa wala hawakupewa hisa. Walichopata ni kuhesabiwa kuwa wenyewe. Jina la klabu likihamia kaunti nyingine na kubandikwa kwenye jezi za rangi nyingine, wao ndio walionyang'anywa, na katika mkataba wa mauzo hawatajwi popote.

Hoja ya mtaa ina upande wa sheria pia, na huo watu huupita mbio. Klabu nyingi za zamani zilisajiliwa kwa Msajili wa Vyama, chini ya Sheria ya Vyama: zina katiba, wanachama, katibu na mweka hazina. Sheria ya Michezo ya 2013 ilipokuja, usajili wa klabu za michezo ukapewa ofisi yake, ya Msajili wa Michezo. Kwa njia zote mbili, klabu ya wanachama haina mwenyewe anayeweza kuamka asubuhi akaiuza. Mwenyekiti ni mpangaji katika kiti kile. Akitia sahihi bila mkutano mkuu, bila akidi, bila kumbukumbu zilizothibitishwa, alichokiuza hakikuwa mkononi mwake. Mauzo mengi ya nafasi huvunjika hapa: miezi sita baadaye wanachama wanajitokeza na katiba mkononi, na shirikisho linajikuta na barua mbili zenye mihuri miwili ya klabu moja.

Kwa maoni yangu pande zote mbili hukosea kitu kimoja. Zinaichukulia historia kama kombe: likiwa kwako haliko kwangu. Lakini historia ya klabu ina sifa na ina deni. Anayetaka mwaka wa kuanzishwa aandike kwenye nembo yake, na aulizwe kama atalipa mshahara wa kocha uliosalia.

FIFA ilishalazimika kulitafutia jambo hili kipimo, ingawa haikuwa ikitafuta sifa za nani ni za nani. Ilikuwa ikiwaandama wadaiwa. Klabu zilikuwa zikishindwa kesi za mishahara, zinajifunga, kisha zinaibuka na jina jipya, wachezaji walewale, uwanja uleule, na kudai kuwa deni lile si lao. Kanuni za Nidhamu za 2019 zikaweka wazi kwamba mrithi wa kimichezo wa mdaiwa naye ni mdaiwa. Katika kumtambua mrithi huyo huangaliwa makao ya klabu, jina, muundo wa kisheria, rangi za timu, wachezaji, wenye hisa au wamiliki, na ngazi ya mashindano. Ni vigezo saba. Havihesabiwi kama kura; hupimwa kwa pamoja, na kimoja chenye nguvu kinaweza kushinda viwili dhaifu.

Vigezo hivyo vinatosha kwa sifa pia. Chukua mfano wa kubuni. Klabu ya Daraja la Pili ya Likoni inauza nafasi. Mnunuzi ni kampuni ya Nairobi. Makao yanahama, jina linabadilika, rangi zinabadilika, umiliki unabadilika, na muundo unatoka chama cha wanachama kuwa kampuni. Kati ya wachezaji 25 waliosajiliwa, sita wanakwenda na mnunuzi, 19 wanabaki Likoni. Kinachosalia sawa ni ngazi ya mashindano peke yake, yaani kile hasa kilichonunuliwa. Hapo sioni mjadala: mnunuzi amepata haki ya kucheza, na historia imebaki Likoni hata kama timu iliyobaki inaanza upya ligi ya kaunti ndogo. Geuza mfano. Mfanyabiashara wa Likoni anaichukua timu, anaongeza jina la duka lake mwishoni, anabaki na rangi, uwanja na vijana 20 kati ya 25, na anayalipa madeni. Huyo ni mrithi, na wazee wa klabu hata kama hawampendi wampe picha zao.

Wengine husema haya ni mambo ya fahari tu, na fahari haijazi sufuria. Hawajaangalia hesabu za uhamisho. Mchezaji akihama kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa ada, asilimia 5 ya ada hiyo hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kati ya msimu wa miaka 12 na wa miaka 23. Kwa kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 klabu hupata asilimia 0.25 ya ada, na kwa kila msimu wa miaka 16 hadi 23 hupata asilimia 0.5. Kijana aliyelelewa na klabu ya Kisauni tangu miaka 12 hadi mwisho wa miaka 17, akauzwa ng'ambo kwa shilingi milioni 10, ameiachia klabu ile misimu minne ya asilimia 0.25 na miwili ya asilimia 0.5. Jumla ni asilimia 2, yaani shilingi 200,000. Kwa timu inayochangisha nauli ya matatu, hizo si pesa ndogo.

Sasa uliza: klabu ile ikiwa imeuza nafasi yake, nani anapokea? Kanuni za FIFA zinasema klabu iliyolea ikiwa haipo tena au haishiriki tena soka iliyosajiliwa, mgao wake unaweza kudaiwa na shirikisho la nchi, utumike kuendeleza soka ya vijana. Mtaa unaweza kuwa na picha za kijana yule akiwa na miaka 13, kombe alilofunga bao la fainali, na mashahidi hamsini. Kama hakuna klabu iliyosajiliwa na inayocheza inayoweza kuonyesha kuwa ndiyo ileile, au kama kadi zote zilikwenda na mnunuzi, mtaa hautaona senti. Tangu Novemba 2022 malipo haya yamekuwa yakipitia Jumba la Malipo la FIFA lililoko Paris, na kinachosomwa pale ni pasipoti ya mchezaji, orodha ya klabu na tarehe alizosajiliwa. Kumbukumbu za barazani hazina mahali pa kuingizwa humo.

Kwa hiyo swali la historia lina ukali zaidi chini kuliko juu. Juu, majina makubwa yalishajitatulia. Abaluhya FC ilibeba ubingwa wa 1966, 1967, 1970 na 1973. Mwaka 1980 serikali ilipokataza majina ya kikabila ikawa AFC Leopards, na hakuna anayeipokonya mataji yale, maana watu, rangi na mashabiki walibaki. Kenya Breweries ya 1972, 1977 na 1978 ndiyo Tusker. Jina lilibadilika, mwenye timu hakubadilika. Kinyume chake, Luo Union ilishinda ligi ya 1964, na Gor Mahia iliyoanzishwa 1968 ikitokana kwa sehemu na klabu hiyo haihesabu taji lile katika mataji yake, ingawa damu ni moja. Luo Union iliendelea kuwapo ikashinda tena 1975, basi mwenye taji alikuwa hai.

Mombasa mambo si mepesi hivyo. Taji la 1965, ambalo mpaka msimu wa 2024/25 ndilo pekee la ligi ya taifa lililowahi kuja mji huu, ni la Feisal. Si la Bandari, klabu ya Mombasa ya Ligi Kuu, na Bandari haidai. Lakini watu wanapoandika kwamba "Mombasa haijawahi kutoa bingwa wa Kenya", wanachofanya ni kupima historia ya mji kwa klabu iliyo Ligi Kuu leo. Klabu ikishuka au ikififia, taji lake nalo linafifia vinywani mwa watu, na hilo halifai kuachwa lipite. Feisal, Liverpool, Mwenge, Ramogi: haya ni majina ya soka ya Mombasa yenye haki ya kuandikwa kwa majina yao wenyewe, bila kufanywa ngazi za kupandia mtu mwingine.

Bandari yenyewe ni kesi ngumu ya kweli. Mizizi yake ni timu za kazini kwenye gati, Cargo ikiwa mojawapo. Timu iliyoitwa Bandari ilitokea miaka ya 1980, ikavunjwa miaka ya 1990, na jina likarudi tena miaka ya 2000. Ukipima kwa vile vigezo saba, mji uleule, jina lilelile, na nyuma yake bandari ileile. Wachezaji wengine, ngazi nyingine, na katikati kuna pengo la miaka. Wanaosema ni klabu moja wana sababu, na wanaosema ni mbili wana sababu. Mimi naona ni moja yenye pengo, mradi pengo liandikwe. Kombe la taifa la 2015 na la 2019 ni la Bandari hii ya sasa bila ubishi. Sifa za Cargo ziandikwe kama za Cargo, mzazi, sio mtoto kujivika koti la babake.

Halafu kuna majina ya muungano. Msimu wa 2011 Mombasa ilikuwa na timu mbili Ligi Kuu, Bandari na Congo JMJ United, na zote mbili zikashuka. Bandari ilirejea 2013. Tazama jina la ile ya pili: kila neno ndani yake lina watu wanaolihesabu lao. Majina ya namna hii huandikwa haraka ofisini ili kila upande uridhike, na timu ikishuka hakuna aliyeandika ni upande gani utarudi na jezi na upande gani utabaki na nafasi.

Kigezo cha makao kinahitaji tahadhari huku kwetu. Uwanja wa Manispaa ulipofungwa ili ujengwe upya, timu zilitawanyika kutafuta pa kuchezea, nyingine zikahamia Mbaraki, nyingine zikavuka feri mpaka Ukunda. Klabu haipotezi historia yake kwa kukosa uwanja wa mji. Makao yapimwe kwa mahali timu inapofanya mazoezi na mahali wanachama wanapokutana. Uwanja wa mechi huweza kuwa wa kuazima.

Wanaodhani mzozo huu ni wa kwetu tu watazame Wimbledon. Klabu ile ya London iliyoshinda Kombe la FA mwaka 1988 ilipewa ruhusa mwaka 2002 ihamie Milton Keynes, karibu kilomita 90. Mashabiki wakaanzisha klabu yao, AFC Wimbledon, wakaanza ngazi ya tisa, katika ligi ya Combined Counties. Ile iliyohama ikajiita MK Dons mwaka 2004. Kisheria historia ilikuwa yake. Lakini mwaka 2007 ilikubali kurudisha mataji na kumbukumbu za Wimbledon kwa halmashauri ya Merton, kule zilikotoka, na 2011 klabu ya mashabiki ikafika ligi ya kulipwa. Leseni ilihama na historia ikarudi nyumbani. Mwaka 2007 huohuo, Hispania, klabu ya Murcia ilinunuliwa ikahamishiwa Granada na nafasi yake ya daraja la pili. Mwaka uliofuata FIFA ikaingiza katika katiba yake kanuni kwamba nafasi ya ligi hupatikana kwa matokeo ya uwanjani, na kubadili jina, makao au umiliki ili kuruka ngazi kwa kuharibu uadilifu wa mashindano ni marufuku. Kanuni hiyo inatuhusu na sisi. Hata hivyo, kuipiga marufuku kila biashara ya nafasi bila kuwapa wauzaji njia nyingine ni kuzihukumu timu hizo kufa. Msimamo wangu ni kwamba muungano au udhamini ndani ya mtaa uruhusiwe waziwazi, na uhamisho wa nafasi nje ya kaunti ukataliwe.

Biashara zitaendelea hata hivyo, basi zifanywe kwa macho. Mkataba ukikaa kimya, mwenye nguvu hujaza ukimya. Useme ni nini kinauzwa: haki ya kucheza tu, au na jina, nembo na rangi. Useme madeni yote kwa orodha, na nani anayalipa kuanzia tarehe gani. Useme makombe na picha zinabaki wapi. Useme migao ya uhamisho ya vijana waliolelewa kabla ya tarehe ile ni ya nani, na uambatishwe na kumbukumbu za mkutano mkuu zenye orodha ya waliohudhuria na sahihi zao. Timu inayobaki mtaani isajiliwe upya mapema na iingie ligi yoyote inayopatikana, hata ya kaunti ndogo, maana klabu isiyocheza haina mlango wa kudai.

Kwa upande wa ushahidi, Mombasa ina adui wake: unyevu wa bahari na mchwa. Picha ya timu iliyokaa ndani ya fremu miaka 40 huwa imegandana na kioo. Usiibandue. Ipige picha ikiwa ndani, mchana kivulini, kioo kikiwa kimeinamishwa kidogo kisirudishe mwanga. Soma kwanza mpira ulioshikwa na nahodha, kwa kuwa wapiga picha wa zamani walikuwa wakiandika mwaka kwa chaki au rangi juu yake. Kisha jezi, kisha ukuta wa nyuma. Geuza fremu uone muhuri wa studio. Karatasi za kikosi na risiti za ada ya ligi zina thamani kuliko kombe, kwa sababu zina tarehe na majina, na kombe aghalabu lina jina la mfadhili peke yake. Usimulizi wa wazee uchukuliwe, lakini kila mzee asikilizwe peke yake kabla ya kukutanishwa na wenzake, na neno lake liandikwe kuwa neno lake. Mwaka wa kuanzishwa wenye cheti na mwaka unaokumbukwa vinaweza kutofautiana miaka mitano au kumi, maana vijana hucheza kwanza ndipo wakajisajili. Yote miwili iandikwe, kila mmoja na chanzo chake.

Na kabla ya sahihi yoyote, kadi za vijana wa chini ya miaka 15 zipigwe picha mbele na nyuma, moja moja, na namba zao za FIFA Connect, mfumo wa FIFA wa kusajili wachezaji, zinakiliwe kwenye daftari. Siku ya makabidhiano kadi hizo hutolewa zikiwa kwenye bahasha moja, pamoja na muhuri na vitabu vya risiti, na anayezipokea anaweza kuwa anaondoka na basi la jioni.